Nani Amshuhudie?

Mwanafunzi wa Kitale anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili huvutwa kwanza na jina kubwa la kumwandikia barua ya mapendekezo: mbunge, askofu, profesa asiyemkumbuka hata sura. Lakini Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho kama kweli alihitaji barua za kumsifu. Wao wenyewe, alisema, ndio barua yake.

Swali hilo lina uzito Bungoma, penye waumini wengi wa Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902. Kwa mapokeo yao hawali kiapo, maana neno la kawaida lapaswa kuwa kweli tayari.

Kwa kipimo hicho, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Kibabii, hukohuko Bungoma, aliyesahihisha tasnifu ukurasa kwa ukurasa anamshinda mheshimiwa. Sifa asizozishuhudia mwandishi, hata zikiwa sahihi, zinakaribia ushahidi wa uongo. Barua ya chifu, nayo, mwanafunzi aiweke kwa ajili ya basari.