Siri ni ya Wawili

Enzi za ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga, Ngombezi ya Korogwe ikiwamo, yalikusanya manamba waliotoka mbali na kwao. Asiyejua kuandika alimtafuta anayejua, akamtajia salamu za mkewe, deni la nduguye, pengine na aibu yake mwenyewe. Bahasha ilifungwa, lakini mtu wa tatu alikwisha kuisikia barua, na kinywani mwake hamkuwa na kufuli ila uaminifu.

Barua pepe nayo ina mtu wake wa tatu. Siku hizi aghalabu husitiriwa ikiwa njiani, ila mwenye kompyuta inayoihifadhi aweza kuisoma akitaka.

Wapenzi wa ushairi watasema kuficha maneno si jambo geni Pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alisifika kwa mafumbo, na watu wakacheza kinyume, ambamo nyumba huwa mbanyu. Lakini aijuaye mbinu ya kinyume amekwisha kujua yote. Usimbaji wa leo ni kinyume cha kinyume: mbinu hutangazwa kwa kila mtu, siri ikabaki katika ufunguo. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza wazo la funguo mbili, mmoja wa kugawiwa watu wote ili wafungie, wa pili wa kufungulia, asioutoa mwenyewe. Mwaka 1991 Philip Zimmermann akatoa PGP, programu iliyoutia uwezo huo mikononi mwa raia.

Wako wasemao, “Sina cha kuficha.” Kauli hiyo hudhani kwamba siri ni mali ya mtu mmoja. Barua ya manamba ilikuwa ya mkewe pia, naye hakuulizwa. Asemaye hana cha kuficha amekwisha kumsemea na aliyemwandikia. Huo si ukweli wa moyo, ni kutoa amana ya mwenzake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inayataja mawasiliano ya mtu kuwa ya kuheshimiwa, lakini ibara haifungi bahasha. Kwamba mwovu naye atalipata kufuli ni kweli; bahasha pia hakunyimwa.

Hata hivyo PGP haifuniki kila kitu. Majina ya wawili hao, saa ya kuandikiana, na mara nyingi kichwa cha barua, hubaki wazi. Na mahali wanapojuana watu, kama Ngombezi, jina la mtumaji peke yake huwatosha majirani kukisia yaliyobaki.