Dawa ya Mtu Mmoja

Chanjo tumeizoea kama kitu cha umati. Ukisikia neno hilo unaona foleni ya kina mama kliniki, watoto wanalia, chupa moja inagawiwa kwa wengi. Ndiyo maana niliposoma kwamba kuna chanjo inayotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu, nilijiuliza: hiyo nayo ni chanjo kweli?

Mwaka 2023 madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 16 wa saratani ya kongosho. Baada ya upasuaji, uvimbe wa kila mmoja ulisafirishwa hadi Ujerumani, kwa kampuni ya BioNTech. Huko wakasoma vinasaba vyake, wakatafuta mabadiliko yaliyomo kwenye saratani lakini hayamo kwenye seli zenye afya, wakachagua yasiyozidi 20. Kutokana na hayo wakaunda chanjo ya kuufundisha mwili wa mgonjwa huyo kumtambua adui wake. Ya huyu haimfai yule. Kwa wagonjwa 8 mwili uliitikia, na kwao saratani ilichelewa kurudi kuliko kwa wenzao. Watu 16 ni wachache, hatuwezi kushangilia bado. Lakini kwa ugonjwa unaoua wengi mno wa wanaoupata, wanane si mchezo.

Kusema ukweli, mimi nilikasirika. Chanjo zile zilikuwa tayari takriban wiki 9 tangu upasuaji. Shangazi yangu aliyeugua saratani ya titi alichukuliwa kinyama kwenda kupimwa, na sisi wiki 9 tulipata karatasi ya majibu. Nikaandika kwenye daftari: si haki fedha zote hizo kumwagwa kwa mtu mmoja.

Halafu nikajiuliza swali lililoniumbua. Kama mtu angemletea shangazi chupa ile, akasema, "Hii ni yako peke yako, ila gharama yake ingewapima wanawake wengi," je, ningemwambia airudishe? Thubutu! Ningeipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo hasira yangu haikuwa juu ya dawa. Nilikuwa na wivu. Kuna watu wameusoma uvimbe wa mgonjwa mmoja herufi kwa herufi, na mimi nilitamani shangazi naye asomwe hivyo. Siku hizi sitaki tena wa New York wapunguziwe. Ninachodai ni hatua ya kwanza, maana hata chanjo ile inaanzia palepale shangazi alipokwama: kipande cha nyama kifike maabara, kisomwe mapema, na majibu yamrudie mwenyewe.

Karatasi yetu ninayo hadi leo. Jina lake wamelikosea.