Asiyekuwamo Pichani

Picha ya uwindaji wa kitalii haijabadilika sana. Nyati amelazwa, kichwa kimeinuliwa ili pembe zionekane vizuri. Nyuma yake wamechuchumaa mteja na rafiki zake waliosafiri naye kutoka ng'ambo. Mwindaji bingwa, yule mwongozaji mwenye leseni, pengine naye yumo. Aliyeinama tangu alfajiri akisoma nyayo, mara nyingi hayumo.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Walifuatana na wapagazi zaidi ya 200, na wawili hao waliua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Katika kitabu chake cha mwaka uliofuata aliwataja wabeba bunduki wake kwa majina, na kwa hilo nampa haki yake. Lakini nani leo anawakumbuka?

Huku kwetu Kabasa swali hili si la vitabuni. Tuko upande wa magharibi wa Serengeti, na kati ya Mei na Julai nyumbu husogea hadi bonde la Mto Grumeti. Wazee wa Kiikoma, Kiikizu na Kinata walikuwa mabingwa wa mshale wa sumu. Walijua kwato ya jana na ya asubuhi hii kwa kuangalia umande ulipokatika, na nyati aliyejeruhiwa walijua kwamba huzunguka akamvizia anayemfuata. Hakuna bunduki inayomfundisha mtu hayo.

Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1994 Grumeti na Ikorongo yakawa mapori ya akiba. Tangu hapo ujuzi uleule umekuwa na majina mawili: ukimwongoza mgeni kwenye kitalu cha uwindaji ni kazi, ukiutumia peke yako ni ujangili. Sipingi mpaka huo. Nimeona mtego wa waya unavyofanya kazi: haubagui jike mwenye mimba wala ndama, na mara nyingi nyama huozea palepale. Wanyama hawa wasingalibaki bila sheria.

Ninachokipinga ni kumheshimu aliyevuta kifyatulio na kumsahau aliyemfikisha. Chukua simba: kanuni zetu zinataka dume awindwe akiwa na miaka 6 au zaidi. Pua ya simba kijana ni ya waridi, na madoa meusi huongezeka kadiri anavyozeeka. Anayetambua hilo kwa darubini, kwa utulivu, kisha akamwambia mteja aliyelipa fedha nyingi, "Huyu bado, tumwache," ndiye anayemlinda simba siku ile. Kwangu huo ndio uwindaji wenye heshima, na unahitaji mtu asiyeogopa kupoteza kibarua chake.

Basi apewe ajira ya kudumu badala ya kibarua cha msimu, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za safari. Na vijana wanaosomea ulinzi wa wanyamapori pale Pasiansi, Mwanza, wakiletwa porini kufanya mtihani wa nyayo, msahihishaji awe mzee wa Robanda au Bunda, alipwe kama mwalimu, hata kama hana cheti.