Atakayekuambia Utundike Daluga

Wajukuu zangu wa Mwamapalala, jioni mkimaliza mazoezi huwa nawasikia. Mkongwe akikosa bao moja mnasema amechuja, atundike daluga. Wiki ijayo akifunga, ninyi hao hao mnasema ng'ombe hazeeki maini. Leo nikae nanyi kidogo juu ya jambo hilo, maana wapo kati yenu wanaotaka mpira uwe kazi yao.

Mimi sina ugomvi na mchezaji anayechelewa kuondoka. Kuitwa mzee na miaka yako 35 si jambo dogo. Hapa kwetu mtu wa umri huo kwenye mkutano wa kijiji bado anatumwa akalete viti. Ninachojiuliza ni kingine: siku yake ikifika, nani atamwambia? Maana mwenyewe hataiona. Mguu uliokuwa unafika kwenye mpira kwanza unaanza kuchelewa taratibu sana, na kila siku una kisingizio chake, leo uwanja mbovu, kesho usingizi haukutosha.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, walipambana kwa ngoma, makundi mawili yakicheza wakati mmoja, watu wakiwa huru kwenda watakako. Wakikuhama, umeshindwa. Hakuna refa, hakuna rufaa. Wengi wenu mnadhani mchezaji naye ahukumiwe hivyo, mashabiki wakimhama aondoke. Kwa ngoma ya siku moja, hukumu hiyo inatosha. Kwa kazi ya mtu, hapana.

Mwangalieni kipa Juma Kaseja. Mwaka 2013 Simba hawakumwongezea mkataba, na wengi wakamzika kabisa. Kwetu Yanga (ndiyo, mimi ni Yanga, msicheke) akapita tu. Mwaka 2019 akiwa KMC, na miaka 34, kocha Etienne Ndayiragije akamrudisha Taifa Stars. Mwezi wa nane tukawatoa Kenya kwa penalti kule Nairobi, kuwania CHAN. Mwezi wa tisa tukawatoa Burundi kwa penalti 3-0 Dar es Salaam, safari hii katika mchujo wa Kombe la Dunia. Golini ni yule yule mliyekwisha kumzika. Na Alphonce Simbu? Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, kisha miaka minane ikapita, na kila mkimbiaji anajua watu husemaje miaka ya namna hiyo. Septemba 2025 kule Tokyo akachukua dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, akiwa na miaka 33. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48. Vipande vya sekunde ndivyo vilivyowatenganisha.

Kwa hiyo jukwaa linawahi kusema. Walio karibu nawe wao wanachelewa, au hawasemi kabisa, na hao ndio wananitia hofu.

Muhammad Ali alikuwa na kambi iliyojaa watu. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alijitoa baada ya pambano na Earnie Shavers mwaka 1977. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipeleka majibu ya vipimo vya figo kwa Ali na kwa waliomzunguka, na hakuna aliyemjibu. Ngumi zikaendelea. Oktoba 1980 akapigwa na Larry Holmes mpaka Angelo Dundee, aliyekuwa kwenye kona yake tangu ujana, akasema basi baada ya raundi ya kumi. Dundee alisema, lakini alisemea ulingoni, mtu ameshaumia. Na hata hapo haikuwa mwisho: Desemba 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 40, Ali akapanda tena na kushindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari wakasema ana Parkinson. Katika kambi ile, waliokula kwa ngumi zake walikuwa wengi kuliko walioweza kumwambia aache. Msiwaite wabaya. Mtu akinyamaza ili watoto wake wale, ni binadamu tu.

Eliud Kipchoge nimemfuatilia kwa namna nyingine. Kwenye marathoni ya Olimpiki, Paris 2024, alisimama baada ya kilomita 30, akawapa watu wa pembeni viatu na fulana yake. Novemba 2025 New York akawa wa 17, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 41. Baadaye akatangaza kukimbia marathoni katika mabara saba, akichangisha fedha za elimu na mazingira. Mkisema hiyo ni aibu kwa mtu mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni, mtakuwa hamjamwelewa. Amejua kuwa ushindi umekwisha, akachagua mbio anazozitaka. Na tangu ujana wake yuko na kocha mmoja, Patrick Sang, aliyemjua kabla hajawa na jina wala pesa.

Filbert Bayi ni mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch. Olimpiki ya 1976 ikampita kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika, naye akiwa kwenye makali yake. Hakuning'inia kwenye mbio zile zile: Moscow 1980 alirudi na medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Baadaye yeye na mkewe wakajenga shule.

Sasa sikieni ninalotaka kutoka kwenu. Kila mmoja wenu achague mtu wake leo, mkiwa bado na pumzi. Awe anaujua mchezo, awe alikujua ukicheza pekupeku, na asiwe anakula kwako, hata soda. Mwambie wazi kwamba siku akisema inatosha hutamnunia. Nikisema mtu asiyekula kwako, mameneja wametoka, na ndugu wengi wametoka. Mimi pia msinichague. Macho yangu hayauoni mpira ukivuka katikati ya uwanja, na sukari ya chai mtakuwa mnaninunulia ninyi. Mnadhani nitaweza kusema?

Wewe unayekwenda majaribio Mwanza, kabla hujapanda basi niletee jina la mtu wako. Na asiwe mchumba.