Filamu za Mtoto wa Likasi

Batoto, mmeniomba orodha ya filamu za kutazama, na mzee akiombwa orodha hutoa maneno, basi vumilieni. Jioni nawaona mmejipanga ukutani, pale mtandao unapokamata vizuri, kila mmoja na simu yake, kila mmoja akicheka peke yake. Sina ugomvi na simu. Sisi pia tulilaumiwa. Picha zilipokuwa zikionyeshwa usiku kwenye kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, wakubwa walisema vijana wataharibika kwa kuiga makauboi, na kweli waliiga. Kule Kinshasa vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bill, kwa ajili ya Buffalo Bill, wakavaa kama yeye na kujitungia lugha yao. Wengi wao baadaye wakawa baba za watu, wenye ndoa na madeni kama wengine.

Ninachowaomba ni kimoja tu. Filamu ikiisha, kabla hujasema ni nzuri au mbaya, jiulize: humu ndani nani kapewa mdomo, na nani kawekwa apite tu nyuma ya wengine?

Ninyi hasa mnatakiwa kuuliza hivyo, kwa sababu ni wa Likasi. Kuna miji mikubwa ambayo sinema haijawahi kuikumbuka. Mji wetu umeguswa mara kadhaa, na kila mara kwa namna ya ajabu.

Chukueni Oppenheimer ya Christopher Nolan, ya mwaka 2023, ile iliyoondoka na Oscar 7. Ni ya saa tatu, na mkipata skrini kubwa msiitazame kwenye simu, maana fundi yule anajua kazi yake: mlipuko unawaka kimya kabla sauti haijafika, na kimya hicho kwenye spika ya simu si kitu. Ndani yake kuna bakuli la kioo linalojazwa gololi kidogo kidogo, kuonyesha kiasi cha urani kilichokwisha kupatikana. Mkifika hapo, simamisheni kidogo. Gololi zile zinatoka wapi? Hakuna anayeuliza. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu la atomu ilitoka Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka tulipokaa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani mpaka New York, yakawekwa ghalani Staten Island kabla Wamarekani hawajajua watayafanyia nini. Vita ilipokwisha walimpa nishani. Waliochimba ni watu wa huku, na katika saa tatu zile jina la Shinkolobwe halitamkwi hata mara moja. Itazameni hivyo hivyo. Filamu inaweza kuwa nzuri na bado ikakunyima kiti.

Ya pili ina jina la zamani la mji wetu: The Siege of Jadotville, ya Richie Smyth, ya mwaka 2016. Hii imetengenezwa kwa ajili ya Netflix, kwa hiyo ni ya nyumbani, na ni ya kutazama mkiwa wengi kwa sababu ya bunduki. Kisa ni cha kweli. Septemba 1961, askari wa Ireland wasiofika 160, waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa mjini na majandarme wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, pamoja na mamluki wazungu. Walipigana kuanzia tarehe 13 mpaka 17. Risasi na maji vikawaishia wakajisalimisha, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Waliotumwa kuwaokoa walikwama kwenye daraja la Lufira, mto ule ule mnaouvuka mkienda Lubumbashi. Jamie Dornan anamcheza kamanda wao, Pat Quinlan, na anamcheza vizuri.

Lakini tazameni miti. Tazameni rangi ya udongo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na mtoto wa miombo hadanganyiki. Kisha tegeni sikio: watu weusi wa mji huu, waliokuwa wakienda kiwandani Shituru asubuhi ile kama kawaida, wanasema nini? Karibu hakuna neno. Siwalaumu Waireland. Askari wale walirudi kwao wakaitwa waoga, wakakaa na aibu hiyo zaidi ya miaka 40, na serikali yao ilikuja kuwapa medali yenye jina la Jadotville mwaka 2017, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Filamu hiyo ni mdomo wao, wameungojea muda mrefu. Wa kwetu bado. Mkimaliza kuitazama, nendeni mitaa ya Kikula au Panda mkamtafute mzee au mama aliyekuwa mtoto mwaka ule, mumuulize walijificha wapi na walikula nini. Chukueni simu hizo hizo mrekodi, maana wazee hao hawatangoja.

Kuhusu mwaka huo huo wa 1961 kuna Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, naye Eriq Ebouaney amebeba nafasi ya Patrice kwa macho tu kabla hajafungua mdomo. Hiyo nayo ilipigwa mbali, Zimbabwe na Msumbiji. Msiitazame bila mtu mzima pembeni. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961 katika ardhi hii ya Katanga, na katika nyumba nyingi za huku jina la Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, bado linaleta ubishi mpaka bukari inapoa. Ubishi huo ni shule. Anayetaka zaidi atafute Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez, ya 2024: ni picha za kumbukumbu, muziki wa jazi, siasa za Umoja wa Mataifa, na Union Minière ikitajwa waziwazi. Ni ndefu na ina maandishi mengi, mtahitaji kuirudia.

Sasa nifike kwenye ile iliyonikaa moyoni. Inaitwa Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kubwa ya Wiki ya Wakosoaji huko Cannes mwaka 2017. Ni filamu ya hali halisi. Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji kilicho upande wa Kolwezi, anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anaufukia udongoni ugeuke makala, yaani makaa, anapakia magunia kwenye baiskeli, anaisukuma mpaka mjini, kama kilomita 50. Basi, hakuna kingine. Hakuna gari linalolipuka. Baiskeli yenyewe huioni, imemezwa na magunia, na tandiko liko chini ya mzigo, kwa hiyo hakuna kupanda. Ni kusukuma tu, mwili umeinama, mchanga unameza magurudumu. Usiku malori yanampita karibu, vumbi linafunika kila kitu, na baiskeli inagongwa. Njiani wanaume wanamsimamisha, wanamtoza. Mjini anauliza bei ya mabati ya nyumba anayotaka kujenga, na uso wake unakwambia jibu kabla ya muuzaji.

Humo watu wanasema Kiswahili cha huku, na safari hii Mzungu ndiye anayelazimika kusoma maandishi chini ya picha. Mtu wetu hana bunduki wala hotuba, lakini kila kitu kinamzunguka yeye. Pale anapokata mti, shoka linapiga, linapiga, na mti hauanguki. Kidole chako kitataka kuruka mbele. Kizuie. Mama zenu wanagombana sokoni kila siku juu ya bei ya gunia. Muda ule wa shoka ndio bei yenyewe. Mimi nilibaki na swali moja ambalo sijapata wa kulijibu: kamera inakwenda naye hatua kwa hatua, kilomita zote hizo, sasa mwenye kamera aliwahi kuweka mkono asukume? Na kama angesukuma, tungeiona filamu hii? Bishaneni ninyi. Lakini itazameni usiku, nyumba ikiwa kimya, bila vichekesho vya pembeni.

Msidhani wageni ndio pekee wanaotupiga picha. Mwaka wenu wa mwisho wa shule ukikaribia, tafuteni Examen d'État ya Dieudo Hamadi, ya 2014. Hamadi ni mtoto wa Kisangani, na kamera yake imeingia shuleni kwao bila kubisha hodi. Wanafunzi wanafukuzwa kwa kukosa pesa ya walimu, wanajikusanya katika nyumba moja wasome wenyewe kwa ajili ya mtihani wa Exetat, na humo mnaona kila kitu mnachokijua: kusoma usiku, maombi ya kubariki kalamu, na ujanja wa chumba cha mtihani. Hiyo itazameni pamoja na wazazi. Itakuwa vigumu, nyote mtajitambua. Hamadi hamhubirii mtu, na ndiyo sababu inauma.

Mkitaka kucheka, ipo La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy. Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayetafuta muziki na mapenzi Kinshasa. Imezeeka vizuri. Wekeni uani, siku ya wageni, waiteni na majirani. Filamu ile inataka vicheko vya watu wengi. Kuna mambo ya ndoa humo yatakayowafanya shangazi zenu wajifunike uso kwa kitenge huku wakichungulia.

Na wa sasa hivi ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, na filamu yake Augure ya mwaka 2023. Cannes wakampa tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito kutoa mahari, damu inamtoka puani ikamdondokea mtoto mchanga, na ukoo unakumbuka kwamba tangu kuzaliwa alihesabiwa mchawi. Mavazi, rangi na moshi wa filamu ile havistahili simu. Kwa kazi kama hiyo mtu wa Likasi akubali kupanda gari mpaka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, na kuulizia ratiba ya Halle de l'Étoile. Nauli ni ghali, najua. Jichangeni, muende watano, mrudi mkibishana njia nzima. Nusu ya utamu wa sinema ni barabara ya kurudia. Wachungaji wengine hawataipenda. Mimi naipenda kwa sababu inampa mdomo mtoto aliyeitwa ndoki, yaani mchawi, na watoto hao tunao hapa hapa mitaani.

Kabla sijasahau: mkiona filamu iitwayo Katanga, la danse des scorpions, ile iliyobeba tuzo kuu ya FESPACO mwaka 2025, msikimbilie mkidhani ni ya kwetu. Ni ya Dani Kouyaté, wa Burkina Faso, ya falme na usaliti, nyeusi na nyeupe. Nzuri, lakini Katanga hiyo si hii.

Sasa juu ya namna ya kutazama nyumbani, maana ndiko mtakakotazamia zaidi. Umeme ni wa SNEL, hukatika wakati wowote, kwa hiyo chajini vyote mapema, filamu ianze wakati umeme upo, msingoje saa mbili usiku. Mega zikiwa chache, mmoja apakue, wote watazame. Kile kinachouzwa kwenye vibanda kwa flashi kinakatwa mwisho mara nyingi, na mtengenezaji hapati hata faranga. Penye njia ya kulipa, lipeni. Na nyumbani kama yuko bibi asiyejua Kifaransa wala Kiingereza, msimwache akitazama midomo tu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kampala wana VJ Jingo, watu waliojenga jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha ya wasikilizaji wao. Nyumba yako nayo iwe na msimulizi wake. Mtoto mmoja akae karibu na bibi, amsimulie. Bibi ataongeza chumvi yake, atamtukana adui kabla hajaonekana, na mtagundua ameelewa kuliko ninyi.

Msinielewe vibaya mkadhani nakataza filamu za mapigano. Tazameni. Hata James Bond. Ila nawadai kitu kimoja katika Spectre, ya mwaka 2015. Koffi wa Augure ni Marc Zinga, na Marc Zinga alizaliwa hapa Likasi mwaka 1984. Ndiye aliyewahi pia kumcheza Lumumba jukwaani Ufaransa. Katika Spectre yumo, anaitwa Moreau, kwa muda mfupi kweli. Atakayeinuka kwenda kuchota maji wakati huo atamkosa, na mimi sitarudisha nyuma kwa ajili ya mtu.