Je, Ni Haki Siku Zifunge Mlango wa Rufani?

Sisi wa Kibaha na Kisarawe tukisikia fulani amefungwa, twasema, "Shauri limekwisha." Kwa sheria bado. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya aweza kukata rufani mbele ya Mahakama Kuu. Ila yampasa kutoa taarifa ya nia yake katika siku 10, na kuleta sababu zake katika siku 45, zisipohesabiwa siku za kungojea nakala ya hukumu. Akishindwa huko, iko Mahakama ya Rufani, na siku 30 za kutoa taarifa. Akishindwa tena, aweza kuomba hukumu itazamwe upya katika siku 60, lakini kwa sababu chache tu, kama kosa lililo wazi katika hukumu, au kunyimwa nafasi ya kusikiwa.

Basi, je, ni haki siku zimfungie mlango mtu asiye na hatia? Wako wasemao: Ndiyo, maana shauri lisilo na mwisho halina amani, aliyeibiwa naye ataka kupumzika, na mashahidi husahau na kufa. Neno hili ni kweli, tusilidharau. Lakini mpaka wa siku ni haki kwa yule tu awezaye kuufikia. Mtume Paulo alipotaka rufani kwa Kaisari, alikuwa raia wa Rumi, naye aliijua sheria. Asiyejua kusoma, tena hana wakili, atazihesabuje siku 10? Sheria yenyewe yakiri udhaifu huu, maana Mahakama Kuu yaweza kumpokea aliyechelewa kwa sababu ya kutosha.

Alex Thomas alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na rufani zake zikakataliwa hapa nchini. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilisema kwamba haki zake zilivunjwa, maana hakupewa wakili. Lakini mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu kupeleka mashauri huko wenyewe.

Kwa hiyo, walimu na wazee, mtu wa usharika akifungwa, tusianze kuuliza, "Je, alitenda?" Hiyo ni kazi ya mahakimu. Tuulize, "Alihukumiwa siku gani? Nani amemwandikia taarifa?" Hati ya rufani hupokewa hata na mkuu wa gereza, naye huipeleka mahakamani. Ajuaye kusoma na kuandika, akanyamaza hata siku zikapita, amesaidia kuufunga mlango ule.