Kijana Aliyefukuza Maji Moto

Kuna kijana mmoja wa Mkoani, Pemba, ambaye nimemtunga mwenyewe, ingawa wenzake wa kweli wamejaa tele kuanzia Mtambile mpaka Chokocho. Alirudi kutoka Unguja akakabidhiwa shamba la ami yake: minazi, mikarafuu michache, na miembe na midimu katikati. Siku ya mwanzo alikwea mnazi kuangua madafu. Makutini hakufika. Maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, walimwingia kwenye kola ya shati, wakashuka kwapani, naye akateremka anajikung'uta na kulaani.

Jioni akaenda kwa mzee.

"Shikamoo, ami. Shamba lako limekaliwa na maji moto. Nataka kulisafisha."

"Marahaba, mwanangu. Usafishe nini? Hao ndio wenyeji, mgeni ni wewe."

"Wananiuma, ami."

"Wanakuuma kwa kuwa umeushika mti wenye nyumba zao. Ngoja nikuonyeshe wa kuanzia."

Kijana hakungoja. Aliitikia "haya, ami" kwa adabu zote, na asubuhi akafanya alilokusudia. Aliwasha mwenge wa makuti akachoma viota vilivyo karibu, vya juu akavipiga dawa, akakata matawi ya mwembe yaliyogusana na minazi, kisha akapalilia chini mpaka mchanga ukabaki mtupu. Shamba likapendeza. Kila apitaye akalisifu, na sisi watu wa pwani kwa kusifu shamba lililofagiliwa hatujambo.

Kwa muda alikwea kwa raha. Kisha vidaka vikaanza kupukutika, na vitale vichache vilivyobaki juu vikawa na makovu.

Kidaka kilichoangushwa na mdudu kina alama yake. Kiokote, bandua kile kikombe kilichoshika kichwani, utaona madoa ya kahawia yaliyodidimia, na pengine utomvu umetoka ukagandia hapo hapo. Mwenye kufanya hivyo ni mdudu mfyonzaji wa jamii ya kunguni, mwembamba, mwenye rangi ya kahawia. Hutoboa nazi changa kwa mdomo wake mrefu, na mate anayoyaacha ndani huua nyama ya tunda. Wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Hilo "wayi" limetokana na M. J. Way, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Way alionyesha jambo ambalo ami wa kisa chetu alilijua bila ya maabara: mnazi wenye maji moto wengi, mdudu huyu hapati nafasi. Mwaka 1960 mtafiti mwingine, F. L. Vanderplank, naye aliandika kuhusu maji moto na mdudu huyo huyo. Wachina wametangulia mbali zaidi, kwani maandishi yao ya mwaka 304 yanataja viota vya jamaa ya maji moto vikiuzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa.

Kijana aliporudi kutazama mashina ya minazi yake aliona vifusi vidogo vya mchanga, na vichungu vidogo vya kahawia vikipanda na kushuka, baadhi yao wana vichwa vikubwa kuliko kiasi cha mwili. Alifurahi kwa sababu hawamuumi sana. Na hapo ndipo alipoumia. Vichungu hivi hujenga ardhini, hupigana na maji moto na kuwatoa mtini, na mdudu wa vidaka hawamzuii. Watafiti wa minazi Tanzania wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wameona kwamba ardhi iliyopaliliwa mpaka ikawa tupu huwapa nguvu hao wadogo, na majani yaliyoachwa chini ya minazi huwasaidia maji moto kushikilia miti yao. Kwa hiyo jembe lake lilimdhuru karibu sawa na dawa yake.

Ami hakumgombeza. Alimchukua shamba la jirani, akamwonyesha.

Maji moto ana miguu mirefu na rangi nyekundu ya kahawia, na kiota chake ni majani mabichi ya mti wenyewe, yamevutwa pamoja na kushonwa kwa hariri inayotoka kwa watoto wao. Ukimwona chungu mkali anakwenda ardhini kwa msafara mnene, huyo ni siafu, na dawa yake ni kumpisha njia. Maji moto hana mwiba. Huuma kwa taya, kisha hukunja tumbo na kurushia tindikali kwenye kidonda, ndiyo maana ngozi huwaka. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila ya kusugua.

Yuko na mwingine, ambaye watoto wafundishwe mapema: mdudu mweusi wa urefu wa kama sentimita 4, ana madoa ya rangi ya chungwa mgongoni na pete za rangi hiyo miguuni. Hujificha kwenye magome na magogo yaliyooza, na chakula chake kimojawapo ni chonga, yule mbawakavu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Jamaa yake alichukuliwa Zanzibar katika miaka ya 1960 akapelekwa India kupambana na chonga wa huko. Lakini ukimshika anauma vibaya sana, na akitishwa hutema mate yanayoweza kufika kama sentimita 30 akielekeza usoni. Huyu hafukuzwi wala hachezewi. Gogo ligeuzwe kwa fimbo, si kwa mkono.

Tukirudi kwa maji moto, kwenye mkarafuu mambo si mepesi hivyo. Huko maji moto hufuga wadudu gamba, huwalamba utamu na kuwalinda, kwa hiyo faida yao kwa mkarafuu si ya kusifiwa kama ya mnazi. Hatari kubwa nayo iko huko: mchumaji aliyesimama kwenye tawi jembamba akiumwa shingoni huachia mkono. Kila msimu watu huanguka mikarafuuni, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) limekuwa likiwalipa fidia. Basi mkarafuu uzungukwe kwanza, viota vitazamwe viko tawi lipi, na tawi hilo livutwe kwa ngoe kutoka chini. Jivu la kuni likipakwa mikononi na miguuni, maji moto hushindwa kushika vizuri. Asubuhi ya baridi huwa wazito, jua likipanda huwa wakali. Na mwenye kuvimba uso au kubanwa na pumzi baada ya kuumwa na mdudu yeyote apelekwe hospitali mara moja, maana huyo si wa kungoja jivu.

Kijana alipotaka kurejesha viota alikata kutoka miti mitatu iliyo mbalimbali akavitundika pamoja. Walipigana mpaka chini kukajaa maiti. Maji moto wa ukoo mmoja, wenye malkia mmoja, huenea miti kadhaa, na wa ukoo mwingine ni adui. Weka kijiti baina ya viota viwili: wakipapasana wakapita, ni wamoja, na wakivutana miguu, rudisha. Mara ya pili alivikata alfajiri, wote wakiwa ndani, akavitia kwenye gunia, akafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi wapate njia, na majani ya chini akayaacha.

Wamerudi. Lakini kutoka upunga mpaka nazi kavu ni kama mwaka mzima, na dawa haikurudisha hata kidaka kimoja. Mpaka makole mapya yakomae, nyumba yenye minazi yake itanunua nazi sokoni.